Kuachwa kwa Kicheko

Kinyozi alimwacha mkewe siku ya Jumatano, saa saba kasoro mchana, mbele ya watu watatu, ili wacheke. Wawili wakacheka.

Mkewe alikuwa amepita dukani kumwachia ufunguo wa nyumba. Alikuwa dobi wa zahanati. Shuka za wodi ya wazazi, mapazia, makoti ya manesi na vitambaa ambavyo mtu mwingine asingependa hata kujua vimetumika wapi, vyote vilipita mikononi mwake. Alivichemsha uani katika mapipa mawili ya chuma, akavisuuza, akavianika, akavipiga pasi. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa dawa ya kutoa madoa, na harufu ya dawa hiyo haikumtoka hata akijisugua kwa limau. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, mpana wa mabega na nyonga, na kwa sababu hiyo mumewe alimpachika jina la Trela. Jina lilianzia pale dukani, likatoka nje, likazunguka mtaa mzima. Hata watu waliofika nyumbani mara ya kwanza walibisha hodi wakiuliza kama hapo ndipo kwa Trela.

Mtaa ule ulikuwa na vinyozi wengine wawili, wenye viti vipya na vioo vikubwa zaidi, lakini watu walipanga foleni kwa huyu kwa sababu ya mdomo wake. Alijua kumwiga mwenye nyumba akidai kodi, daktari akiandika dawa, jirani akikoroma. Mtu aliingia na mawazo yake akatoka ameshika mbavu. Na siku ambayo hakuwa na jipya la kusema, alikuwa na mkewe.

Jumatano ile Imamu wa msikiti wa mtaa ndiye aliyekuwa kitini, amejaa povu mashavuni, akitengenezwa ndevu kwa wembe. Fundi saa, mzee mmoja mkimya mwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu. Dereva wa bodaboda alikuwa ameegemea mlango, hakuja kunyoa, alikuja kusikiliza. Dobi alipotoa salamu, dereva akamwuliza kinyozi kwa uchokozi huwa wanapishana vipi mlangoni, yeye na mkewe.

Kinyozi akainua wembe juu, akageuka. Uso wake ulishaanza kung'aa kama kawaida yake kabla ya kutoa kubwa.

"Ndugu yangu, mimi nimechoka kuvuta mzigo," alisema. "Leo nalifungua trela, nibaki kichwa peke yake." Akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesimama mahakamani. "Wewe mwanamke, nimekuacha. Hiyo ni talaka yako ya tatu, ipokee. Mashahidi hawa hapa."

Dereva alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Imamu alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Fundi saa alikuwa na gazeti. Alilishusha magotini, akamtazama yule mwanamke.

"Umesema nini?" dobi aliuliza.

Kicheko kilikuwa bado moto, na kinyozi hakuwa mtu wa kukiacha kipoe. Alirudia yote tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya puani, akiiga mtu anayesoma karatasi ya serikali. Dobi akatazama kwenye kioo, akakutana na macho ya Imamu. Imamu alikuwa ameacha kucheka. Povu lilikuwa likimtiririka shingoni na hakulifuta.

"Imamu, umesikia," alisema. Akaurudisha ufunguo mkobani, akatoka.

Kinyozi alipaza sauti nyuma yake, Trela, Trela, ufunguo. Dereva akacheka tena, peke yake.

Talaka ya kwanza ilikuwa mwaka ule dobi alipoanza kazi zahanati. Kinyozi alisema hawezi kuwa na mke anayefua damu za watu, akamwacha kwa hasira, kisha baada ya siku tisa za kula mikate mikavu akamrejea. Ya pili ilitokea walipogombana juu ya binti yao kuendelea na sekondari. Safari hiyo Imamu mwenyewe alikuja nyumbani kuwapatanisha. Kabla hajaondoka aliwaambia wote wawili kwamba sasa imebaki moja, na kwamba kinyozi aliweke neno hilo mbali na ulimi kama anavyouweka wembe mbali na jicho la mteja. Kinyozi alisema amesikia. Miaka minne ikapita.

Kinyozi aliporudi nyumbani jioni ile ya Jumatano, kabla ya magharibi, alikuta godoro lake dogo na sanduku la nguo sebuleni. Binti yao alikuwa mezani na madaftari, anasoma mstari mmoja huohuo. Mkewe alitoka chumbani amevaa gauni refu na mtandio umemfunika mpaka kifuani, kama mwanamke aliyepata mgeni wa kiume ghafla.

Kinyozi alicheka kwanza. Aliuliza kama kuna msiba au kuna mchumba. Kicheko kikamwishia njiani.

"Wewe, mke wangu. Ulikuwa mzaha."

"Najua."

"Sasa kama unajua, hili godoro la nini?"

"Najua ulikuwa mzaha," dobi alisema. "Na wewe unajua kwamba talaka haina mzaha. Imamu alitufundisha sote. Mambo matatu, ukiyasema kwa dhati ni dhati, ukiyasema kwa mzaha ni dhati: kuoa, kuacha na kurejea. Hukuwepo siku hiyo? Au ulikuwa unanyoa?"

Kinyozi akasema Mungu anajua nia yake. Dobi akajibu kwamba Mungu anaijua nia, yeye alichosikia ni maneno, na aliyasikia mara mbili kwa sababu mumewe alipewa nafasi ya kuyaacha akayarudia. Akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba atakaa eda yake ndani ya nyumba hii, kama inavyotakiwa, na kwamba yeye kinyozi atafute pa kulala.

"Kwa neno moja la kuchekesha watu?"

"Nimekaa na maneno yako ya kuchekesha watu miaka kumi na tisa. Hili moja nimelichukua."

Kinyozi alimgeukia binti yake, akamwambia amwambie mama yake. Binti alifunga daftari. Alikuwa na miaka kumi na minane, na tangu shule ya msingi alikuwa akiitwa mtoto wa Trela. Alisema tu kwamba baba angebeba na shuka, dukani kuna baridi asubuhi.

*

Asubuhi ya pili wifi alikuja, dada mkubwa wa kinyozi, mwanamke wa kuingia bila hodi. Hakumkuta dobi nyumbani. Akamfuata mpaka zahanati, akamkuta uani na mfuaji mwenzake, mikono imezama hadi viwikoni.

Wale wawili walikuwa wanacheka. Dobi alikuwa akimwiga mganga mkuu wa zahanati, ambaye kila Alhamisi alikuja kukagua shuka akazinusa moja moja macho yamefumbwa kama anayechagua tikiti, na mganga mkuu mwenyewe, aliyekuwa akipita, alishaliona lile igizo mara nyingi na kuliomba tena siku akiwa amechoka. Hapo kwenye mapipa, dobi ndiye aliyekuwa mchekeshaji. Watu wa kule dukani kwa mumewe hawakulijua hilo, na kinyozi mwenyewe hakuwahi kuliuliza.

Wifi hakucheka. Alimvuta mke wa kaka yake kando, karibu na kamba za kuanikia, akaanza kwa upole. Waliosikia ni wachache. Dereva ameshasema yeye hakusikia kitu. Imamu ni mtu wa watu, hatataka makelele. Huyo mzee wa saa haongei na mtu. Basi nani atajua? Wewe rudi chumbani kwako, toa hilo godoro sebuleni, maisha yaendelee.

Dobi akasema yeye atajua.

"Wifi, unataka kuvunja nyumba kwa sababu ya utani?"

"Nikilala naye leo, wifi yangu, nitakuwa nalala na nani?"

Wifi akauachia mkono wa dobi. Alipoanza tena, upole ulikuwa umekwisha. Alimwuliza anafikiri nani atamchukua, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwili huo, mikono hiyo inayonuka dawa ya vyoo. Alimkumbusha kwamba kaka yake angeweza kuoa msichana, na hakuoa, alivumilia. Aliyasema hayo mbele ya manesi wawili waliokuja kuchukua makoti, na manesi wakawa wanatazama vifungo vya makoti kama wanavihesabu.

Dobi alivuta shuka kutoka kwenye pipa, akashika upande mmoja, akamkabidhi wifi upande wa pili. Wifi akaupokea kabla hajafikiri.

"Kamua," dobi alisema. "Mimi huku, wewe huko. Mikono yangu inanuka, ndiyo. Mwanao wa mwisho alizaliwa hapa. Shuka uliyolalia niliifua mimi."

Wifi aliikamua ile shuka mpaka maji yakaisha, akaondoka gauni lake limelowa mbele.

*

Imamu aliita kikao siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, katika chumba cha madrasa pembeni ya msikiti. Alikuwa amekaa siku mbili bila kuonekana mtaani, akiswalisha na kurudi ndani, na ndevu zake zilikuwa zimetengenezwa upande mmoja vizuri kuliko mwingine, kwa sababu Jumatano ile aliondoka kitini kabla kazi haijaisha.

Walikaa kwenye mikeka: kinyozi na dada yake upande mmoja, dobi na binti yake upande wa pili, dereva na fundi saa katikati. Kinyozi alikuwa amevaa kanzu safi. Alipoingia alimtania dereva kuhusu soksi zake, kwa mazoea tu, na dereva akatabasamu akitazama chini.

Imamu alianza mbali. Alizungumzia subira, akazungumzia nyumba ya miaka mingi, akasema wanazuoni wametazama sana jambo la nia, na kwamba huenda likahitaji kupelekwa kwa wakubwa zaidi yake. Kisha akawauliza mashahidi. Dereva alisema kwamba siku ile mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, hakusikia vizuri. Alisikia trela, akasikia kichwa, basi.

"Mashine ilikuwa imezimwa," fundi saa alisema. "Imamu alikuwa ananyolewa kwa wembe."

Mzee akaendelea kwa sauti ileile ndogo, akayataja maneno yote kama yalivyosemwa, mara ya kwanza na mara ya pili, bila kuongeza na bila kupunguza. Alipomaliza akasema kwamba yeye hana elimu ya dini, elimu yake ni ya saa, ila amesikia na hawezi kusema hakusikia.

Kinyozi alipewa nafasi. Alikiri kuwa alisema. Alisema alikuwa anachekesha wateja, kazi yake ni hiyo, na kwamba hata Mtume alikuwa akitania watu. Kama kila utani utakuwa hukumu, basi watu wakae na nyuso za makaburini, hiyo ndiyo dini?

Dobi akaomba kusema. Imamu akamwambia aseme.

"Mimi sipingi kucheka," alisema. "Ni kweli Mtume alikuwa akitania. Imamu alitusimulia wanawake darasani, nikaenda nayo nyumbani. Bibi kizee alimwomba amwombee aingie peponi. Akamwambia vikongwe hawaingii. Bibi akaondoka analia. Akaagiza aambiwe hapohapo kwamba hataingia akiwa kikongwe, ataingia akiwa kijana. Nilicheka peke yangu jikoni siku nzima. Mnajua nilichopenda? Kwanza, alisema kweli. Halafu hakumwacha yule bibi aende na majonzi yake ili watu waliokaa pale wafurahi." Alimgeukia kinyozi, si kwa uso mzima. "Wewe hujawahi kuniita nirudi. Hata mara moja. Wakicheka, mimi ndiyo nimeshatoka."

Kinyozi alianza kukunja ncha ya mkeka.

"Na wewe Imamu," dobi alisema, "ulicheka."

Wifi alivuta pumzi kwa nguvu. Binti akamshika mama yake mkono chini ya mtandio. Ilikuwa si jambo la kawaida mtu kumwambia Imamu neno kama hilo chumbani humo, tena mwanamke, tena mfua nguo. Imamu aliupapasa ule upande wa ndevu usiomalizwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, aliyependwa na mtaa kwa kuwa hakuwa mkali, na huenda alianza kuona pale pale kwamba huko kutokuwa mkali kulikuwa kumemgharimu mtu mwingine.

"Nilicheka," alisema hatimaye. "Nilisikia neno la tatu nikacheka, kwa sababu lilisemwa vizuri. Halafu nimekaa siku mbili natafuta njia ya kusema sikusikia. Mama, nisamehe. Na nyinyi mlioko hapa mnishuhudie kwamba nimemwomba msamaha kwa kile kicheko." Alijikohoza. "Talaka imepita. Ni ya tatu. Hakuna rejea. Atakaa eda nyumbani kwake, twahara tatu, kama miezi mitatu, na mchana atakwenda kazini kwake kwa kuwa ana haja. Wewe utakaa mbali na nyumba mpaka imalizike."

Wifi aliuliza kwa hasira nyumba hiyo ni ya nani. Imamu akajibu kwamba kwa muda wa eda hilo si swali.

Kinyozi alisimama. Alitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine, kama anavyotazama wateja akitafuta pa kuanzia.

"Basi nimekuwa kichwa kweli," alisema, akijaribu kutabasamu.

Hakuna aliyecheka, hata dereva. Kinyozi akatafuta viatu vyake mlangoni, akavaa cha kushoto mguu wa kulia, akavua, akavaa upya.

*

Mtaa uligawanyika. Kwenye bomba la maji kulikuwa na waliosema kwamba dobi ni jeuri, amepata kisingizio alichokuwa akikisubiri. Wengine walisema amejifanya mwanachuoni. Wanaume wachache walihama duka, si kwa kumchukia kinyozi, ila kwa sababu sasa kila alipofungua mdomo walijikuta wanasikiliza kwa makini anachosema, na mzaha haustahimili kusikilizwa hivyo. Lakini jioni moja mwanamke mmoja asiyezoeana naye alimsubiri dobi nje ya zahanati, akatembea naye mpaka njia panda, akimwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mambo matatu hayana mzaha, na kama mume akisema kwa simu inahesabika. Baada ya wiki akaja mwingine. Dobi aliwapeleka wote kwa Imamu, akiwaambia wasikubali kujibiwa mlangoni, waingie wakae.

Wifi alirudi mara moja zaidi. Alikuja na mpango, kwa kuwa mke wa talaka tatu haolewi tena na mumewe mpaka aolewe kwanza na mwingine. Dereva wa bodaboda amekubali kumwoa dobi kwa siku moja eda ikiisha, kwa jina tu, asubuhi aoe na jioni aache, kisha kinyozi amwoe upya; watu wanafanya, na kila mtu atakuwa amecheka akapita.

Dobi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama dereva ameelewa kwamba ndoa nayo imo katika yale matatu.

"Mwambie asithubutu kunioa kwa mzaha," alisema. "Nitakuwa mke wake kweli. Nitahamia kwake na mapipa yangu, na huyo mama yake nitamwita mama mkwe."

Inasemekana dereva alipofikishiwa salamu hizo alibadilisha njia, akawa anazunguka nyuma ya soko ili asipite zahanati. Hata wifi, akisimulia baadaye, ilimponyoka akacheka.

Usiku dobi hakuwa shujaa wa mtu yeyote. Alikuwa amezoea pumzi za mtu kitandani, na alikuwa amezoea pia, jambo ambalo hakumwambia hata binti yake, kuisikia sauti ya mumewe ikiiga watu anapovua viatu. Alikuwa mcheshi, yule mtu. Ilikuwa kweli. Mara nyingine alimkumbuka katikati ya kupiga pasi na mkono ukakaa mno mahali pamoja. Lakini asubuhi alipotoka hakuinamisha kichwa, na mtu aliyemwita Trela barabarani hakuitikiwa. Alisimama akasubiri mpaka mtu huyo atafute neno lingine. Wengine walisema mama. Wengine walisema dobi. Yote mawili aliyaitikia.

*

Eda iliisha Jumamosi moja, miezi mitatu baadaye. Dobi alishapata chumba na sebule karibu na zahanati, na siku hiyo asubuhi yeye na binti yake walikuwa wakifunga vyombo. Kinyozi akabisha hodi. Alisimama barazani, hakuvuka kizingiti. Alikuwa amepungua, na shati lake lilipigwa pasi na mtu asiyejua kuanzia kwenye kola.

Alisalimu, akaitikiwa. Alisema hakuja kuomba arudi, anajua haiwezekani. Imamu amemweleza hilo mara nyingi, na kila mara alitoka akiwa na swali lingine, mpaka maswali yakamwishia.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Radhi ya nini?"

"Ya yote."

"Yote si kitu," dobi alisema. "Taja."

Kinyozi alimtazama binti, kwa namna ya kumwomba aondoke. Dobi akasema binti atakaa, kwa kuwa alikuwepo yalipokuwa yakisemwa.

Basi akataja. Alianza na lile jina. Akataja harusi ya mdogo wake, alipomwambia mpangaji wa viti amletee mkewe viwili. Akataja mikono, jinsi alivyokuwa akiwaambia wateja kwamba nyumbani kwake hawanunui dawa ya choo, mke akipita tu inatosha. Akataja siku mkewe alipokuwa mgonjwa wa homa, akapiga simu dukani kuomba maji ya kunywa, naye akaiweka simu kwenye spika ili watu wasikie anavyoongea. Yalikuwa mengi. Mengine dobi alikuwa ameyasahau, mengine hakuwahi kuyajua, na hayo alipoyasikia uso wake ulibadilika kidogo kisha ukarudi. Kinyozi alikuwa akiongea polepole, na jambo la ajabu ni kwamba maneno yaleyale, yalipotajwa hivyo, moja moja, asubuhi, kwenye baraza tupu, hayakuwa na kichekesho popote.

Akafika mahali akanyamaza.

"Bado moja," dobi alisema.

"Silikumbuki lingine."

Dobi alikuwa ameshika sufuria mkononi, na hakuiweka chini. Binti alimtazama mama, akamtazama baba, hakuelewa. Gari la takataka lilipita, likasimama, likaondoka.

"Yule mtoto," kinyozi alisema mwishoni. "Wa kiume. Aliyeishi siku mbili. Watu walikuja dukani kunipa pole, siku ya tatu ya maziko. Nikawaambia..." Alishika nguzo ya baraza. "Nikawaambia Mungu amemwepusha, angekua akafanana na mama yake."

Binti akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa na miaka minne wakati huo, hakuwahi kusikia.

"Walikuwa wananitazama," kinyozi alisema. "Niliona nitalia mbele yao. Nikasema hilo, wakacheka, nikapona."

"Wewe ulipona. Mimi niliambiwa jioni ileile, na mke wa mmoja wao. Maziwa yalikuwa bado yananitoka."

Kinyozi alisimama palepale, mikono imening'inia. Hakujitetea, na hakutafuta uso wa mtu wa kuchekeshwa.

"Hayo mengine yote nimekusamehe," dobi alisema. "Leo hii, mbele ya mwanao. Usibebe hata moja. Hili sikusamehe. Najua kusamehe ni bora, nimefundishwa, usinikumbushe. Pengine siku moja nitaweza. Usije kuuliza. Nikiweza nitakutumia salamu."

"Haya," kinyozi alisema.

Alishuka ngazi, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayeangalia anapokanyaga.

Dobi aliweka sufuria ndani ya boksi, akaketi juu ya fungu la nguo sebuleni. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Binti akainuka kuufunga, mama akamwambia auache. Kisha akalia, kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyefiwa asubuhi hiyohiyo. Waliopita waligeuka kutazama. Naye hakujifunika uso.